Sensa ya Pili

Taa ya injini iliwaka Novemba, siku ya mnada wa tatu,
na Mwalimu Nangoma akaifunika kwa kipande cha plasta
kama anayemziba mtoto mdomo mbele ya wageni.
Sasa ni Machi. Ukungu wa Shimo la Mungu haujanyanyuka Newala,
Proboksi yake imepandishwa juu ya mawe,
nami niko chini, mgongo kwenye gunia, udongo mwekundu masikioni.

"Somoe, Masasi waliniuzia sensa mpya. Mara mbili."
Najua. Naona nati ilivyotafunwa pembe na spana isiyo yake.

Ya kwanza haitafutwi kwa macho.
Iko nyuma ya injini, panapotokea moto;
unazamisha mkono hadi kwapani, unafumba jicho,
vidole vinasoma: bomba, kovu la weldi, kichwa cha pembe sita,
halafu mkia wa waya.
Lakini mashine haikuisema hiyo. Ilisema ya pili,
iliyokaa baada ya masega, masega yasiyoonja asali.

Bibi yangu, karani wa sensa alipobisha hodi,
alimhesabia mpaka kuku.
Karani alitaka waliolala humu usiku ule, basi.
Hii inauliza jingine:
katika moshi unaoondoka, ni hewa kiasi gani imesalia?
Inauliza, inajibu, inauliza,
kwa umeme usiomshtua hata sisimizi.

Nyaya nne. Nyeusi mbili za kuipasha joto,
maana ikiwa baridi haisemi kweli;
nyeupe ya kurudi ardhini;
ya bluu ndiyo mbeba maneno.
Naweka mita kwenye nyeusi: om kumi na mbili. Nzima.
"Mwalimu, sensa haina kosa. Tufuate mkia."

Mkia unapanda, unashikwa na klipu,
unapenya kizibo cha mpira na kupotelea ndani ya sakafu.
Hapo ndipo wa Masasi walipochoka.

Natoka chini. Nang'oa kiti cha abiria, boliti nne,
nakunja zulia linalonuka mafuta ya korosho,
na pale juu ya soketi: kiota.
Maganda, pamba ya kiti, mavi kama mchele ulioungua,
na karatasi, zimechanwa nyembamba kwa ufundi.
Waya mweusi mmoja umekatika.
Wa bluu umebakiwa na uzi mmoja wa shaba.

Mwalimu akaangua kicheko. "Samaki nchanga!
Sisi tunawafuata porini na majembe,
huyu namwendesha mjini bure!"
Kisha akaokota karatasi.
Stakabadhi ya chama cha msingi. Jina lake, nusu.
Kilo mia nne na —
zilizobaki amekula panya.

Nani Newala hajui habari ya stakabadhi ile?
Alimwita mdogo wake Mfaume mwizi
mbele ya mizani, mbele ya watu na magunia yao,
na Mfaume akahamia Kitangari.
Arobaini ya mama yao alikuja, akakaa na wapishi.

Sikusema kitu. Nilikuwa na kazi.
Nilimenya, nikasokota shaba kwa shaba, nikatia lehemu,
nikavisha kila waya mpira wake,
nikafuta kosa kwenye mashine, nikawasha gari.
Bluu: nukta tano. Nukta sita. Nukta saba, ikatulia hapo.
Ilibidi niibandue plasta kumwonyesha giza.

"Kiasi gani?"
"Elfu thelathini. Na ununue mtego."
Alilipa bila kuvutana, jambo geni kwake,
akafunga kile kipande ndani ya leso,
akauliza kama gari litafika Kitangari leo,
na barabara ile ilivyo.
"Litafika."
Akaondoa gari. Nikamkimbilia nikipiga kelele,
"Mwalimu! Kiti cha mwenzio!"
maana kilikuwa bado nje, kwenye nyasi, kimelowa umande.
Akarudi kinyumenyume.
Boliti tatu nilifunga mimi. Ya nne alikaza mwenyewe,
kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.